Mali Bila Daftari

Popote ulipo, jikoni, njiani au dukani, naomba sikio lako, maana jambo la leo linamhusu kila mwenye kitambulisho mfukoni, na hata kijana ambaye bado hajafikia umri wa kukichukua.

Agosti ya mwaka 2022, Kenya nzima ilikaa siku sita ikitazama namba. Kura zilipigwa Jumanne, tarehe 9. Tume ya Uchaguzi ikawa inaweka kwenye tovuti yake fomu za 34A za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mwananchi ajisomee mwenyewe. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha, kila kimoja na hesabu yake: huku unaambiwa huyu anaongoza, ukibadilisha stesheni unamkuta yule yuko mbele. Katika vibanda vya chai, kwenye stendi za bodaboda, hata wodini hospitalini, watu walikodoa macho kwenye skrini. Namba ikipanda, shangwe upande huu, kimya upande ule. Jumatatu ya tarehe 15, pale Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, mambo yakaisha: William Ruto asilimia 50.49, Raila Odinga 48.85. Wa kulia wakalia, wa kucheza wakacheza.

Sasa nikuulize, na ujijibu mwenyewe hapo ulipo. Siku ya kupiga kura ulipewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wadi. Katika hizo sita, ni ngapi ulizofuatilia hadi mwisho? Aliyeshinda katika wadi yako alipata kura ngapi? Na tangu siku hiyo, amepitisha bajeti ngapi za kaunti, na ndani yake wadi yako iliandikiwa nini?

Wengi wetu hatuna jibu. Tunajua nani alimtusi nani kwenye mkutano wa juzi. Tunajua nani amehama mrengo na nani yuko njiani kuhama. Tunajua kinara gani alionekana akila na kinara gani, na tunaweza kubishana mpaka usiku wa manane juu ya maana ya tabasamu lake. Lakini dispensari iliyo umbali wa mita mia tano kutoka mlangoni petu, ambayo haijapata dawa tangu mwezi uliopita, hatujui ilitengewa shilingi ngapi na zimekwenda wapi. Siasa tumeigeuza mechi, na sisi tumekuwa mashabiki.

Mpira nao una haki yake. Gor Mahia wakikutana na AFC Leopards, ni halali yako kuchagua upande, kuvaa kijani au buluu, kumlaumu refa na kuapa kwamba lile bao lilikuwa la kuotea. Mchezo umepangwa hivyo: ishirini na wawili wanacheza, maelfu wanatazama, na kipenga cha mwisho kikilia hakuna bei ya unga inayopanda kwa sababu ya bao lililofungwa. Tena mpira wetu una utu. Mechi hiyo kubwa kuliko zote tumeipa jina la Mashemeji, kwa kuwa mashabiki wa timu hizo mbili wameoana miaka nenda miaka rudi. Siasa haikupangwa iwe ya kutazamwa. Uamuzi unaofanywa bungeni au kwenye bunge la kaunti unakufuata nyumbani: unaingia kwenye mkate, kwenye karo, kwenye nauli ya matatu, kwenye kitanda atakacholalia mkeo siku ya kujifungua. Hakuna Mkenya aliye nje ya uwanja huo.

Wako wasemao kwamba tunafanya hivi kwa ujinga, kwamba watu wetu hawajasoma. Mimi siyakubali hayo. Kwanza, tabia hii haina taifa. Eitan Hersh, mwanazuoni wa siasa katika Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, alichapisha kitabu mwaka 2020 akieleza jinsi Wamarekani wanavyofuatilia habari za siasa kama burudani ya kupitishia wakati, na akaonyesha kwamba waliozama zaidi humo ni watu waliosoma vizuri. Wanasoma kila habari, wanakasirika kila jioni, na hawahudhurii kikao hata kimoja katika mtaa wao. Kwa hiyo shahada si dawa.

Pili, ushahidi wa akili zetu uko katika kila kijiji cha nchi hii. Nenda kwenye chama cha akina mama Jumapili alasiri. Wanachama ishirini, mchango wa shilingi mia mbili. Katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwekahazina anafungua daftari: nani amelipa, nani hajalipa, nani amekopa, riba imerudi kiasi gani, na nani anadaiwa faini ya kuchelewa. Hesabu ikipungua shilingi hamsini, kikao hakisongi mbele. Hapo hakuna anayeuliza mwekahazina ni wa kabila gani. Hakuna anayesema tumwache kwa kuwa naye ni mwenzetu. Atazirudisha, au atampa mwingine daftari.

Mama huyohuyo asiyekubali kupotelewa na shilingi hamsini, kesho yake utamwona amesimama juani saa nne nzima akimpigia vigelegele kiongozi ambaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika kwamba mamilioni yaliyo chini yake hayana stakabadhi. Akili haikumpotea njiani. Katika chama, mama huyu ni mwenye mali. Katika mkutano wa siasa, amewekwa mahali pa mtazamaji, akapewa fulana na wimbo, na mtu akiwekwa mahali pa mtazamaji kwa muda mrefu hujifunza kutazama. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari la chama tunalishika kwa mikono miwili, na daftari la nchi tumewaachia wanaolila.

Tulifikaje hapa? Haya hayakuanza jana.

Baada ya mwaka 1982, katiba ilipoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria, kazi ya raia ilikuwa moja: kushangilia. Tulipanga foleni barabarani kupunga mikono, wanafunzi wakaimba nyimbo za uaminifu. Mwaka 1988 tukaambiwa tupige kura ya mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake mchana kweupe. Zilikuwepo sehemu ambazo mstari mfupi ulitangazwa kuushinda mstari mrefu, na waliokuwa wamesimama kwenye mstari mrefu wakarudi nyumbani kimya. Mtu akishaona kwamba hata kuhesabiwa kwa macho hakumsaidii, anajifunza kwamba uwanja si wake.

Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa. Lilikuwa jambo kubwa, na watu waliteswa na kufungwa kwa ajili yake, tusilidharau. Lakini kwa raia wa kawaida, badiliko lilikuwa kwamba tumeongezewa timu ya pili, ya tatu na ya nne, huku viti vyetu vikibaki palepale jukwaani. Tukatoka katika kumshangilia mmoja tukaingia katika kuchagua wa kumshangilia.

Kumbuka Novemba 2005. Tuliitwa kuamua juu ya katiba mpya, kitabu kizima chenye mambo ya ardhi, mahakama na mamlaka ya rais. Tume ya Uchaguzi ikatoa alama mbili za kurahisisha kura: ndizi kwa wanaoikubali, chungwa kwa wanaoikataa. Ndani ya wiki chache katiba ikasahaulika, tukabaki na matunda. Watu walipigana kwa ajili ya ndizi na chungwa wakiwa hawajasoma hata ukurasa mmoja. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58, na kutokana na tunda hilo kikazaliwa chama kikubwa cha siasa kinachobeba jina lake hadi leo.

Hata hivyo, tuwe wakweli: ushabiki wetu una sababu ya tumbo. Kwa miongo mingi barabara ilifuata Ikulu. Rais akitoka upande huu, lami na umeme vilielekea upande huu. Akitoka upande ule, vikageuka. Kazi za serikali zilikwenda hivyohivyo. Ndiyo maana watu walisema sasa ni zamu yetu ya kula, na mwenye kusema hivyo hakuwa mpumbavu. Alikuwa anasoma historia ya kijiji chake. Tatizo ni kwamba hata zamu ilipofika, waliokula walikuwa wachache, na walioshangilia waliambulia harufu.

Nao mchezo huu umetugharimu roho za watu. Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, nchi iliwaka. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa 1,133, na watu zaidi ya laki sita wakayakimbia makwao. Majirani waliogawiana chumvi na kibiriti walichomeana nyumba. Halafu, Februari 28, 2008, viongozi wa pande mbili wakatia saini mkataba mbele ya mpatanishi Kofi Annan, wakaunda serikali moja yenye mawaziri wapatao arobaini, wakaketi meza moja. Amani ile tuliihitaji, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila angalia nani alilipa. Waliokuwa kambini Nakuru na Eldoret walikuwa bado ndani ya mahema wakati magari ya mawaziri yakigawanywa.

Tangu hapo tumeyaona tena na tena. Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa kambi mbili tofauti mwaka 2007, waliwania pamoja mwaka 2013 wakashinda. Machi 9, 2018, Uhuru na Raila Odinga, baada ya mwaka mzima wa uhasama na damu, wakapeana mkono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Mwaka 2022 Uhuru akampigia debe Raila dhidi ya naibu wake mwenyewe. Machi 2025 Ruto na Raila, ambaye sasa ni marehemu, wakatia saini mkataba wa kushirikiana. Sisemi kwamba viongozi wasipatane. Wapatane, ni wajibu wao. Nasema kwamba wao hubadilisha jezi kila wanapoona faida, na wewe uliyevunja urafiki na jirani yako kwa ajili ya jezi hiyo, hakuna anayekuja kukuunganishia urafiki.

Na sasa tufike kwenye kiini cha madhara haya. Shabiki wa kweli haihami timu yake. Ikifungwa mabao matano, bado ni yake. Ndiyo sifa ya shabiki. Mwanasiasa analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Akishajua kwamba hutamwacha, ana sababu gani ya kukuhudumia? Nguvu zake atazielekeza kwa yule asiye na uhakika naye, au kwa mwenye pesa. Ndiyo maana ngome za siasa, zile zinazompa mtu asilimia tisini na tano ya kura, mara nyingi ndizo hulalamika kwamba hazina maji. Uaminifu usio na masharti huwa na bei ya chini sana sokoni.

Tena shabiki huhukumu faulo kwa rangi ya jezi. Wizi ukifanywa na wa upande wa pili, ni wizi, na tunataka afungwe leo. Ukifanywa na wetu, ni njama za maadui, anapigwa vita, na jamii nzima inatiwa kwenye gari kwenda kumsindikiza mahakamani. Mshtakiwa wa wizi wa fedha za umma anapofika kortini akiimbiwa na watu ambao ndio walioibiwa, hapo ushabiki umefikia mwisho wake wa kusikitisha.

Na timu isiposhinda muda mrefu, mashabiki huchoka, hawaji tena uwanjani. Mwaka 2013 takriban asilimia 86 ya walioandikishwa walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa takriban asilimia 65. Wengine walibaki nyumbani wakisema hakuna tofauti. Mtu aliyezoea kutazama tu, mchezo ukimchosha, anazima televisheni. Lakini siasa ukiizima haizimiki. Inaendelea kuamua juu yako ukiwa umelala.

Msikilizaji, tumeona pia kitu tofauti. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliuchukua Mswada wa Fedha na kuusoma. Kuusoma, kifungu baada ya kifungu. Waliufasiri kwa lugha za mama, wakaueleza kwa video fupi za simu: ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate ni huu, ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari ni huu, na wa mafuta ya kupikia ni ule. Wakawapigia wabunge simu moja kwa moja. Kabla hata mswada haujapigiwa kura ya mwisho, ushuru wa mkate na wa magari ulikuwa umeondolewa. Juni 25 wabunge 195 wakaupitisha dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya vijana waliuawa katika siku hizo, na familia zao bado zinasubiri haki. Tukiwataja, tuwataje kwa heshima: hawakufa kwa ajili ya kinara yeyote wala jezi yoyote.

Nchi ilijifunza jambo wiki zile: wananchi wakishika karatasi badala ya fulana, mambo hubadilika. Lakini tulipewa na somo la pili, na hilo halikutangazwa sana. Desemba ya mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kurekebisha kodi, na baadhi ya mapendekezo ya ule mswada wa Juni yakarudi ndani yake. Safari hii barabara zilikuwa tupu. Hasira ni nguvu ya siku moja. Mamlaka yanataka watu watakaorudi mwezi ujao, na mwezi unaofuata, hata kama hakuna kamera.

Na watu wa namna hiyo wapo. Twende Makueni. Mwaka 2014 kaunti hiyo ilikuwa kichekesho cha taifa. Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti walivutana juu ya bajeti hadi kazi zikasimama, na mvutano ukafikia kufyatuliwa kwa risasi mjini Wote na watu kujeruhiwa. Mashabiki wangechagua upande na kupiga makofi. Wakazi wa Makueni wakafanya jambo jingine: wakakusanya saini kuomba serikali nzima ya kaunti ivunjwe kwa mujibu wa kifungu cha 192 cha Katiba, gavana aende, na wawakilishi waende. Tume ya uchunguzi ikaundwa, watu wakatoa ushahidi. Mwaka 2015 rais wa wakati huo alikataa kuivunja kaunti, ila wakazi walikuwa wameshaonja kusema na kusikilizwa.

Baada ya hapo kaunti ikajenga ngazi ya vikao inayoanzia chini kabisa. Vijiji zaidi ya elfu tatu vinakaa, kila kimoja kinasema kinachotaka kwanza: kisima, au lambo, au darasa la chekechea. Wanachagua wajumbe wa kulipeleka hilo kwenye kundi la vijiji, kisha kwenye wadi, kisha kaunti ndogo, hadi kikao cha kaunti nzima. Mradi ukikubaliwa, wakazi wanachagua kamati ya kuusimamia. Kamati hiyo inajua bei ya kandarasi, inajua mifuko ya saruji ni mingapi, inakwenda kutazama msingi unapochimbwa. Isiporidhika, mwanakandarasi halipwi. Katika miaka hiyo kaunti ilianzisha mpango wa afya uliozitaka familia zilipe shilingi 500 kwa mwaka, ikajenga hospitali ya mama na mtoto pale Wote, na kiwanda cha kusindika maembe Kalamba. Na uchaguzi wa 2017 ulipofika, wengi wa wawakilishi wadi waliohusika katika ule mvutano hawakurudi.

Makueni si pepo. Malalamiko yapo, na miradi iliyokwama ipo. Ila tazama kilichofanyika: ni chama cha akina mama kilichopanuliwa hadi kikawa na ukubwa wa kaunti. Daftari likawekwa mezani, na wenye mali wakakaa kulizunguka. Hakuna aliyewafundisha watu wa Makueni ustaarabu mpya. Walipewa mahali pa kuutumia ule waliokuwa nao.

Kwingineko mahali hapo hapapatikani kirahisi, na ni lazima niseme hivyo waziwazi, nisije nikamlaumu mnyonge peke yake. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, bungeni kwa kifungu cha 118, kwenye mabunge ya kaunti kwa kifungu cha 196, na katika mambo ya fedha kwa kifungu cha 201. Kinachofanyika mara nyingi ni tangazo dogo la Kiingereza katika gazeti ambalo kijijini halifiki, hati ya mamia ya kurasa, na kikao cha saa mbili makao makuu ya kaunti, Jumanne asubuhi. Mama mboga akienda hapo, amepoteza mauzo ya siku na nauli ya kwenda na kurudi. Anayeandaa kikao namna hiyo anataka kiwe kitupu, ili aandike kwamba wananchi waliitwa wakakataa kuja. Tusikubali. Vikao vya kutoa maoni vifanyike wadini, siku ambayo watu wana nafasi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali hapo, na hati ifupishwe kwa kurasa chache zinazosomeka. Hilo nalo ni dai la kisiasa, zito kuliko nani atakuwa mgombea mwenza wa nani.

Na sisi wa redio na televisheni tuna deni. Mkutano wa hadhara wenye matusi tunaupa nusu saa. Ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, inayotoka kila robo mwaka ikieleza kila kaunti imetumia nini, tunaipa sentensi mbili kabla ya michezo. Tunawafundisha watu kutazama, kisha tunashangaa kwamba wanatazama.

Basi, kalenda ya siasa ambayo hakuna anayekuchezea ngoma kwa ajili yake ndiyo hii. Chukua kalamu kama unayo. Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti inapeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Mradi usiokuwemo humo, ni shida kuupata baadaye. Kufikia Februari 28, inapeleka waraka wa mkakati wa fedha, unaosema kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ukianza kupiga kelele Julai, umechelewa, pesa zimeshagawanywa. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zote 47 ziligawiwa zaidi ya shilingi bilioni 380 kutoka serikali ya kitaifa. Sehemu ya hizo ilikuwa ya wadi yako, iwe unajua au hujui.

Huhitaji kuwa na chama cha siasa wala shahada ya sheria. Unahitaji watu. Mtu mmoja akiuliza huitwa msumbufu, lakini kumi wakiuliza huandaliwa viti. Na hao kumi unao tayari: ni wanachama wenzako wa chama, wa kikundi cha mazishi, wa kanisa au msikiti, wa stendi ya bodaboda. Katika kikao chenu kijacho, mkimaliza michango, ongezeni ajenda moja. Chagueni jambo moja tu: dawa za dispensari, au kile kisima kilichoachwa nusu, au orodha ya waliopewa basari mwaka huu. Andikeni barua kwa ofisi ya kaunti inayohusika mkiuliza jambo hilo lilitengewa shilingi ngapi, zimelipwa ngapi, na kwa nani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Barua iwe na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo mhifadhi pamoja na daftari la chama.

Ukipenda kubishana jioni juu ya vinara, endelea. Hakuna aliyekukataza furaha yako. Lakini siku ya 22 itakapofika, kama jibu halijaja, andikeni ya pili, na nakala mwakilishi wadi aipate mkononi. Mwacheni aone majina yenu. Mwacheni ahesabu ni saini ngapi, azilinganishe na kura zilizompa ushindi. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu mumchague, yeye ndiye atakayeanza kuwafuatilia nyinyi.